Panchanga: kalenda inayouliza kwanza uko mji gani

Tarehe 30 Agosti 2023, akina dada wa Kihindu wa Mumbai walikuwa na mtihani. Ilikuwa sikukuu ya Raksha Bandhan, siku ambayo dada humfunga kaka yake uzi wa rakhi kwenye kifundo cha mkono na kumwombea heri, naye kaka huahidi kumlinda na kumpa zawadi. Uzi ulikuwa tayari, vitu vitamu vipo mezani, kaka kaketi. Saa ndiyo iliyokosekana. Kipindi cha mwezi mpevu, ambacho ndicho kinachobeba sikukuu hiyo, kiliingia saa 4:58 asubuhi, lakini nusu yake ya kwanza ilishikwa na Bhadra, wakati ambao wazee wanaukataza kwa jambo lolote la heri. Bhadra haikuondoka hadi saa 3:01 usiku. Kwa hiyo wapo waliofunga rakhi usiku huku watoto wakisinzia, na wapo waliongoja kesho yake wakadamka mapema, maana mwezi mpevu ulikuwa unakwisha saa 1:05 asubuhi.

Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Saa za huku ziko nyuma ya zile za India kwa saa mbili na nusu, hivyo Bhadra iliondoka saa 12:31 jioni, watu wakiwa wametoka kazini na jua likiaga. Heri tupu. Ila ile nafasi ya kesho asubuhi huku haikuwapo kabisa: mwezi mpevu ulikwisha saa 10:35 alfajiri, jua halijachomoza. Aliyeiga ratiba ya Mumbai na kufunga rakhi asubuhi ya tarehe 31 hapa Afrika Mashariki, kwa kanuni zilezile alizotaka kuzifuata, alikuwa amekwisha kuchelewa.

Kisa hicho kidogo kinabeba jambo ambalo jirani asiye Mhindu huwa halielewi, na hata Wahindu wengi hulisahau mpaka sikukuu ibishe hodi. Kalenda yao haikuundwa iwe ratiba moja ya dunia nzima. Mwendo wa mwezi na jua ni mmoja kwa wote, lakini macheo na machweo ni mali ya kila mji, na tarehe inazaliwa pale viwili hivyo vinapokutana.

Kitabu kinachotunza hesabu hizo huitwa panchanga, yaani viungo vitano. Viungo vyenyewe ni vara, tithi, nakshatra, yoga na karana. Vara ni siku ya juma na haina shida: Ravivara ya Jua ni Jumapili, Somavara ya Mwezi ni Jumatatu, Mangalavara ya Mirihi ni Jumanne, na kuendelea hadi Shanivara ya Zohali, Jumamosi. Tofauti iko kwenye mpaka. Kwa Mswahili wa pwani siku mpya huingia magharibi, ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa ni usiku wa Ijumaa. Kwa serikali na benki huingia saa sita usiku. Kwa panchanga huingia jua linapochomoza, na saa za usiku wa manane bado ni za siku iliyopita.

Mpaka huo uliwahi kuingia hata katika siasa. India ilipangiwa kupata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, siku ya Ijumaa, na masimulizi mengi ya kipindi hicho yanaeleza kwamba wanajimu waliipinga siku hiyo wakisema ni ya nuksi. Bunge la Katiba likakutana saa tano usiku wa tarehe 14, na Jawaharlal Nehru akatoa hotuba yake maarufu kabla ya saa sita kugonga. Kwa saa za Waingereza uhuru ulipatikana Ijumaa. Kwa anayehesabu siku kwa macheo, ilikuwa bado Alhamisi.

Tithi ndiyo moyo wa kitabu. Wachukue wakimbiaji wawili katika uwanja wa duara, mmoja mwepesi na mwingine mzito, wakianza pamoja. Mwezi ndiye mwepesi, jua ndilo zito. Kila mwezi unapolitangulia jua kwa nyuzi 12, tithi moja imekwisha. Duara lina nyuzi 360, kwa hiyo tithi ni 30 tangu mwezi ukutane na jua mpaka ukutane nalo tena. Kumi na tano za kwanza, mwezi ukikua, ni nusu angavu, shukla paksha, ambayo hukamilika kwa Purnima, mwezi mpevu. Kumi na tano zinazofuata ni nusu ya giza, krishna paksha, ambayo huishia kwenye Amavasya, usiku usio na mwezi kabisa.

Ugumu unatokana na mbio zenyewe kutokuwa za mwendo mmoja. Njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili. Ukiwa karibu nasi hukimbia, ukiwa mbali hujikokota. Purnima ya Raksha Bandhan ya 2023 iliangukia wakati mwezi ukiwa karibu sana na dunia, wenye kamera wakiupiga picha kwa ukubwa wake, na tithi ile ilidumu saa 20 na dakika 7 tu. Amavasya ya Diwali, sikukuu ya taa, ya mwaka 2024 ilikuja siku chache baada ya mwezi kufika mbali kabisa na dunia, ikadumu saa 26 na dakika 24. Wastani ni pungufu kidogo ya saa 24, lakini wastani haumsaidii mtu anayetaka kujua leo ni tarehe ngapi.

Kanuni ya kutatua hilo ni fupi. Siku hubeba jina la tithi iliyokuwapo jua linapochomoza. Tithi ikiwa fupi, inaweza kuingia baada ya macheo ya leo na kutoka kabla ya macheo ya kesho. Hiyo haipati siku yake. Huitwa kshaya, iliyopotea, na kalenda huruka kutoka tano hadi saba. Ikiwa ndefu na ikakutwa na macheo mawili, siku mbili hubeba namba moja. Mgeni anayeitazama kalenda ya ukutani ya Kigujarati kwa mara ya kwanza hudhani mpiga chapa kakosea.

Na si kila sikukuu hungoja macheo. Ram Navami, kuzaliwa kwa Rama, hutaka tithi yake iwepo adhuhuri. Janmashtami ya Krishna na Maha Shivaratri hutazama usiku wa manane. Diwali hutaka Amavasya iwepo jua likizama, wakati wa kuwasha taa. Karva Chauth, ambapo wake hufunga kwa ajili ya waume zao, haifunguliwi mpaka mwezi uonekane ukichomoza, na magazeti ya India huchapisha saa za kuchomoza kwake mji kwa mji.

Kiungo cha tatu, nakshatra, kitamgusa yeyote aliyelelewa na wakulima au mabaharia wa huku. Njia ya mwezi angani imegawanywa vituo 27, kila kimoja nyuzi 13 na dakika 20, kwa kuwa mwezi hulizunguka anga la nyota kwa siku 27 na ushei. Wataalamu wa falaki wa pwani yetu wana hesabu inayofanana nayo, manazili 28 za mwezi. Kituo cha tatu cha Wahindu kinaitwa Krittika. Ni kundi lilelile la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia na kulitazama kwa ajili ya mvua na kilimo. Miezi nayo imepata majina humo: mwezi mpevu ukiangukia jirani ya Krittika, huo ni Kartika, ukiangukia karibu na nyota ya Chitra, huo ni Chaitra.

Yoga hupatikana kwa kujumlisha mahali pa jua na mahali pa mwezi, nazo ni 27. Karana ni nusu ya tithi. Majina yake ni 11, na saba kati ya hayo hurudiarudia mwezi mzima. Moja kati ya hayo saba ni Vishti, na hiyo ndiyo Bhadra iliyowachelewesha dada wa Mumbai.

Mwaka wenyewe una mvutano mwingine. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Waislamu waliuacha mwaka wao utembee, na ndiyo maana Ramadhani hupita katika masika, kipupwe na kiangazi. Wahindu walitaka Diwali ibaki katika majira yake, kwa hiyo huongeza mwezi mzima, adhika masa, takriban kila baada ya miezi 32 au 33, mara saba katika miaka 19. Hakuna kamati inayokaa kuamua. Mwezi wa mwandamo ambao ndani yake jua halikuvuka kutoka buruji moja hadi nyingine huwa hauna jina lake mwenyewe. Huazima jina la unaofuata na kuwa wa ziada. Mwaka 2023 ilikuwa Shravana, kuanzia 18 Julai hadi 16 Agosti. Mara chache sana hutokea kinyume chake, jua likavuka buruji mbili ndani ya mwezi mmoja na mwezi ukafutwa. Ilitokea mwaka 1963 na tena msimu wa 1982 na 1983.

Mwezi wa ziada wa mwaka 2026 ni Jyeshtha, na unaonyesha tena jinsi mji unavyotawala hesabu. Katika panchanga za India huanza 17 Mei na kuisha 15 Juni, kwa kuwa mwezi unakutana na jua saa 2:24 asubuhi ya siku hiyo, macheo yakiwa yameshapita. Kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam tukio hilohilo linatokea kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, jua halijatoka. Mwenye kufuata macheo ya huku, mwezi wake wa ziada unafungwa tarehe 14.

Wengi hawafungi ndoa wala kuhamia nyumba mpya katika mwezi huo. Ni wa sala, kufunga na sadaka. Wafuasi wa Vishnu huuita Purushottam, jina la Mungu wao, na kwao ni mwezi mtukufu.

Baada ya tarehe, zinakuja saa. Hapa ndipo panchanga inapoingia jikoni, dukani na kwenye gari. Mchana na usiku kwa pamoja hugawanywa muhurta 30, kila moja dakika 48, au ghati 60 za dakika 24. Zamani ghati ilipimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, lililowekwa juu ya maji. Likijaa na kuzama, ghati moja imekwisha. Leo neno muhurta limepanuka, likawa na maana ya saa ya heri yenyewe. Muhurta ya nane ya mchana, Abhijit, ambayo huikumbatia adhuhuri, husemekana kufaa kwa karibu kila jambo, isipokuwa Jumatano. Mtu asiye na nafasi ya kumwona pandit, kuhani msoma panchanga, huitegemea hiyo.

Upande wa pili ni Rahu Kalam, inayoheshimiwa zaidi kusini mwa India. Rahu ni jitu la hadithi lililokatwa kichwa na ambalo hulimeza jua au mwezi na kusababisha kupatwa. Mchana hugawanywa sehemu nane, na moja kati ya hizo, inayobadilika kwa siku, ni yake. Kwa mchana wa saa 12 ratiba ni hii: Jumatatu saa 1:30 hadi 3:00, Jumamosi 3:00 hadi 4:30, Ijumaa 4:30 hadi 6:00, Jumatano 6:00 hadi 7:30, Alhamisi 7:30 hadi 9:00, Jumanne 9:00 hadi 10:30, na Jumapili 10:30 hadi 12:00 jioni. Katika saa hizo watu wengi wa Chennai hawaanzi safari, hawasaini mkataba, hawachukui funguo za gari jipya. Kazi iliyokwisha kuanza inaendelea. Kinachokatazwa ni kuanza.

Msomaji ataona kwamba ratiba hiyo inakaa vizuri mno katika saa za Kiswahili, zinazohesabiwa nazo kutoka macheo. Kuna zaidi. Delhi mwezi wa Juni mchana hufikia karibu saa 14, hivyo sehemu moja ya nane ni kama dakika 105. Desemba huwa chini ya dakika 80. Kwa hiyo jedwali la dakika 90 lililochapwa nyuma ya kalenda nyingi huwa limekosea Delhi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kampala, iliyo jirani ya ikweta, mchana wake haubadiliki, na sehemu ya nane ni dakika 91 hivi mwaka mzima. Ratiba ya Wahindi wa kusini inafaa zaidi kwenye Ziwa Viktoria kuliko kwenye mto Yamuna wa Delhi.

Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindu wa Afrika Mashariki, hawamjali sana Rahu. Wao wana choghadiya. Mchana hukatwa vipande vinane, usiku vinane, na kila kipande kina jina. Kwa mchana hufuatana hivi: Udveg, Chal, Labh, Amrit, Kaal, Shubh, Rog, kisha mzunguko unaanza upya. Amrit, Shubh na Labh ni njema. Chal hufaa kwa safari. Udveg, Kaal na Rog huachwa zipite. Jumapili hufunguliwa na Udveg, Jumatatu na Amrit, Jumamosi na Kaal. Mpangilio huo haukuokotwa. Nyuma ya kila jina kuna sayari, na mfuatano wake ni Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, Zohali, Mshtarii, Mirihi. Mzee wa Lamu au Unguja aliyesoma vitabu vya nyota vya Kiarabu atautambua mara moja, kwa sababu saa za sayari katika vitabu vyake hufuatana hivyohivyo. Elimu hizo zina ukoo wa kale, na zilivuka bahari na jangwa muda mrefu kabla ya watu kubishana ni za dini gani.

Ndoa ndiyo inayochuja zaidi. Vituo 11 tu vya mwezi, Rohini, Magha na Revati vikiwamo, ndivyo vinavyokubaliwa sana kwa harusi. Kisha kuna miezi iliyofungwa. Kuanzia tithi ya kumi na moja ya nusu angavu ya Ashadha, kati ya Juni na Julai, hadi ile ya Kartika, Oktoba au Novemba, Vishnu husemekana amelala, na kipindi hicho ni Chaturmas, miezi minne. Katika India ni miezi ya mvua, barabara matope, mito imefurika, mashamba yanataka watu. Katazo la harusi lilikuwa na busara yake. Mombasa na Dar es Salaam miezi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kipupwe, hali ya hewa nzuri kupita zote, na kumbi hazikosi nafasi. Hata hivyo familia nyingi huona afadhali kungoja Vishnu aamke. Akiamka, muda ni mfupi, kwa sababu katikati ya Desemba jua huingia buruji ya Mshale na Wagujarati huingia Kamurta, mwezi mwingine usio na harusi, hadi katikati ya Januari.

Bado kuna Zuhura na Mshtarii. Zikikaribia jua mno zisionekane, harusi husimama. Mwaka 2024 zote mbili zilifichwa kwa wakati unaokaribiana, na panchanga nyingi za kaskazini mwa India hazikutoa siku hata moja ya ndoa mwezi Mei na Juni, msimu ambao kwa kawaida huwa wa vifijo. Wapishi, wapiga bendi na wakodishaji wa mahema walikaa bure.

Mlango mmoja ulibaki wazi. Akshaya Tritiya, tithi ya tatu ya nusu angavu ya Vaishakha, huhesabiwa kuwa njema mwanzo hadi mwisho, haihitaji kumwuliza mnajimu. Watu hununua dhahabu, hufungua biashara, huoana kwa makundi. Heri hiyo ina upande mchungu: Rajasthan, siku hiyo imezoeleka kwa ndoa za watoto, na serikali ya jimbo hulazimika kuweka ulinzi na namba za dharura kila mwaka inapokaribia.

Kwa Wagujarati, mwaka hufungwa Diwali. Siku hiyo wafanyabiashara huziombea daftari za hesabu katika ibada ya Chopda Pujan, na mwaka mpya wa Vikram Samvat huanza na mwezi wa Kartika. Tarehe 2 Novemba 2024 waliingia mwaka wa 2081. Kaskazini mwa India mwaka huohuo wa Vikram huanza mwezi wa Chaitra, Machi au Aprili, na watu wa Kachchh, eneo la magharibi mwa Gujarat, huadhimisha mwaka wao mpya Ashadhi Bij, katikati ya mwaka. Anayedhani Wahindu wana mwaka mpya mmoja, ahesabu tena.

Kachchh si jina geni katika historia yetu. Kutoka bandari ya Mandvi walitoka wafanyabiashara Wabhatia waliokuja Unguja, na nyumba ya biashara ya Jairam Sewji ndiyo iliyosimamia forodha ya Zanzibar enzi za Sayyid Said. Majahazi yao yalikuja na kaskazi, inayoanza kuvuma takriban Novemba. Mvua za India zimekwisha, bahari imetulia, daftari za zamani zimefungwa na mpya zimefunguliwa. Mwaka wa mfanyabiashara na mwaka wa upepo vilishikana.

Diwali hiyohiyo ilizusha mabishano makubwa mwaka 2024. Amavasya iliingia India saa 9:52 alasiri ya 31 Oktoba na kutoka saa 12:16 jioni ya 1 Novemba. Kwa Delhi, ambako jua lilikuwa limeshazama, tithi iliyagusa machweo ya siku zote mbili. Taa ziwashwe lini? Wengi walishika tarehe 31, wengine tarehe mosi, na kila upande ulikuwa na maandiko yake. Afrika Mashariki swali hilo halikuwa na nguvu: kwa saa za huku Amavasya ilitoka saa 9:46 alasiri ya tarehe mosi, jua likiwa juu, kwa hiyo machweo pekee yaliyokuwa na giza la mwezi ni ya tarehe 31. Si jambo dogo kwa Kenya, ambako sheria ya sikukuu inaitambua Diwali kuwa siku ya mapumziko kwa Wahindu.

Waislamu wa huku, wanaojua ladha ya Idi mbili katika mtaa mmoja, wangedhani kalenda ya kukokotoa ingemaliza ugomvi. Haikumaliza. Kwanza, wakokotoaji wenyewe hawakubaliani. Panchanga za kale hufuata kanuni za vitabu kama Surya Siddhanta, vilivyoandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita; panchanga za drik hutumia vipimo vya kisasa vya anga. Bengal kuna vitabu viwili mashuhuri, Gupta Press ya tangu 1869 kwa hesabu za kale na Visuddha Siddhanta ya tangu 1890 kwa hesabu zilizosahihishwa, na saa zao za ibada za sikukuu ya Durga Puja hutofautiana. Pili, hata namba zikilingana, kanuni ya kuchagua siku inabaki ya wanazuoni.

Serikali ya India huru ilijaribu kusawazisha. Mwaka 1952 iliunda Kamati ya Marekebisho ya Kalenda chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, ambayo ilikuta kalenda kama 30 zikitumika nchini. Ripoti yake ya 1955 ilizaa kalenda ya taifa ya Saka, iliyoanza 22 Machi 1957, mosi Chaitra 1879. Ipo hadi leo kwenye gazeti la serikali na katika matangazo ya redio ya taifa. Watu wa kawaida hawakuipokea. Walichokipokea ni Kalnirnay, kalenda ya ukutani iliyoanzishwa na Jayantrao Salgaonkar huko Maharashtra mwaka 1973, yenye tithi upande mmoja na mapishi na makala upande mwingine, ikauzwa kwa mamilioni.

Kamati ya Saha iligusa pia kidonda kingine. Panchanga hupima jua kwa kulilinganisha na nyota, nayo dunia huyumba taratibu kiasi kwamba majira husogea kwa siku moja kila baada ya miaka 70 na kitu. Makar Sankranti, jua kuingia buruji ya Mbuzi, huadhimishwa kama mwanzo wa safari ya jua kuelekea kaskazini. Safari hiyo kwa kweli huanza Desemba 21 au 22. Swami Vivekananda alizaliwa siku ya Makar Sankranti mwaka 1863, ikiwa 12 Januari. Siku hizi sikukuu huangukia 14 au 15. Kwa kasi hiyo, vizazi vijavyo vitaiadhimisha Februari.

Kuhusu hesabu, basi, heshima inastahili. Aryabhata aliandika kitabu chake mwaka 499 akiwa na umri wa miaka 23, akieleza kwamba dunia hujizungusha na kwamba kupatwa kwa mwezi ni kivuli, wala si jitu. Ujjain, alikoishi Varahamihira karne ya sita, ilikuwa kitovu cha longitudo kwa wanahesabu wa India karne nyingi kabla ya Greenwich. Kuhusu heri na nuksi ni habari nyingine. Mwanaastronomia Jayant Narlikar na wenzake waliwapa wanajimu 27 wa Maharashtra nyota za kuzaliwa za watoto wenye akili nyingi na za watoto wenye ulemavu wa akili, wazitenganishe. Walipata kwa asilimia 46, chini ya mtu anayerusha sarafu, na matokeo yalichapishwa katika jarida la Current Science mwaka 2009. Jaribio hilo lilihusu nyota za kuzaliwa, halikugusa saa za harusi, lakini hakuna sababu ya kudhani saa zina bahati zaidi.

Hata hivyo kitabu kinaendelea kuuzwa, na sasa kimehamia kwenye simu. Programu kama Drik Panchang humwuliza mtumiaji mji wake kabla ya kumpa chochote, kazi ambayo zamani ilimlazimu pandit wa Mombasa kukaa na kalamu na kusahihisha macheo ya Mumbai kwa mkono. Ndilo jambo ambalo ndugu wanaotumiana ratiba za sikukuu kwa WhatsApp kutoka Ahmedabad wangefaa kulikumbuka.

Nawe ukipata kadi ya harusi ya Kigujarati, tazama mstari wa hasta melap, kuunganishwa mikono kwa bwana na bibi harusi. Ukikuta imeandikwa saa 5:43 asubuhi, ni 5:43 kweli, wala haisogezwi kwa ajili ya foleni ya magari. Fika saa tano.